Bei ya Dhahabu kwenye Simu Mbili

Shikamooni wazazi. Wenzangu, habari za mchana. Mwenyekiti amenipa nafasi kabla hamjaanza kuweka hisa, na nimeomba nisimame hapa karibu na mlango, maana aibu ikizidi nitataka kutoka. Nimemwambia akiniona natoka anirudishe.

Wengi mnanijua. Mimi ni yule kijana mwenye shahada ya takwimu anayekaa kwa mama yake mdogo hapa Ipuli. Mama mdogo ni mwenzenu kikundini, amekaa pale, na ameniruhusu niseme. Ameniambia tu, "Usilie, utanitia aibu ya pili."

Tangu utotoni nafikiri kupita kiasi. Nikienda kununua viatu nazunguka soko zima, nalinganisha soli, halafu narudi nyumbani na ndala zangu zile zile. Kwa hiyo nilipokosa kazi nikavutiwa na biashara ya kununua na kuuza dhahabu kwa simu, ile ya kuingia asubuhi na kutoka siku hiyo hiyo, sikukimbilia kuweka hela. Nilitaka kwanza nipate broka wa kuaminika. Broka ni dalali wa mtandaoni: unampa fedha zako, yeye anakuingiza sokoni. Dhahabu yenyewe huioni. Unaona bei tu, inapanda na kushuka kwenye kioo.

Nilichagua watatu, nikawalinganisha kwa miezi. Nani anapokea agizo haraka, nani programu yake inaganda, nani anajibu ukimwandikia. Jaribio langu kubwa lilikuwa siku zinapotoka habari nzito za uchumi wa Marekani, kwa kuwa ndipo bei zinaporuka ovyo na mtu wa biashara ya siku moja anapoumia. Siku hizo broka wawili walikuwa wanahangaika: bei inakwama, inaruka, agizo linachelewa. Wa tatu hakuyumba hata mara moja. Nikampa nafasi ya kwanza, na moyoni nikajisifu kwamba kumbe shule imenisaidia.

Mama mdogo akaniuliza, "Huyu umemhakiki, baba?"

"Kuliko kitu chochote maishani."

"Basi niunganishe. Wewe hata chumvi ya mboga huwa huridhiki nayo. Ukiridhika wewe, mimi nani."

Nikamuunganisha. Mama mdogo anauza asali, mnajua, na kabla ya msimu huwa ameshaweka fedha ya kununulia ndoo za asali kwa warina, wale wavunaji wa mizinga wa huko Sikonge. Alitoa sehemu ya fedha hiyo, akaweka. Programu ikaonyesha faida, yake na yangu. Tukawa tunakaa dukani kwake kila mmoja na simu, tunacheka kwamba zamani watu walipita hapa Tabora na pembe za ndovu mabegani, miezi na miezi kuifuata pwani, na sisi tunauza dhahabu tumekalia ndoo.

Jumanne moja mchana akasema, "Leo inapanda vizuri."

"Inashuka, mama."

"Umeshika simu kichwa chini."

Akanigeuzia yake. Ilikuwa inapanda kweli, na yangu inashuka. Broka yule yule, dhahabu ile ile, dakika ile ile. Nikadhani ni mtandao, maana laini zetu ni tofauti, nikaunganisha simu yangu kwenye intaneti yake. Hakuna kilichobadilika. Nikafungua wale broka wawili niliowaona dhaifu. Bei zao zilikaribiana, na hazikufanana na yake wala yangu.

Ndugu zangu, palepale juu ya ndoo nilielewa. Wale wawili walikuwa wanayumba kwa sababu soko lenyewe lilikuwa linayumba. Wa tatu hakuwa na soko lolote. Alikuwa anatunga bei, kila mteja anatungiwa ya kwake, na bei ya kutunga haikwami. Kitu nilichompa alama nyingi kuliko zote ndicho kilichokuwa dalili ya uongo wake.

Kama ingeishia hapo nisingesimama leo. Wanaodanganywa ni wengi. Lakini mama mdogo aliniona nafungua programu moja baada ya nyingine, akauliza, "Kuna shida?"

Nikamjibu, "Mtandao tu."

Nilijiambia nisimtie hofu kabla sijawa na uhakika. Labda programu yake ni ya zamani. Labda mimi ndiye nimekosea kusoma. Nikarudi kuchunguza. Nikaomba kutoa hela zangu, wakasema nilipe kwanza ada ya kutolea. Nikawaza, labda ndio utaratibu wao. Nikawaandikia, wakanijibu kwa upole sana, na upole ule nao nikaanza kuuchambua. Alhamisi, bila kuniuliza, maana jibu langu alikuwa nalo tangu mwanzo, mama mdogo akaweka fedha yote iliyobaki ya asali, pamoja na mkopo aliouchukua hapa kwenu.

Alikuja kuniambia akiwa na furaha. Nikasema, "Hongera."



Jumatatu nikamkuta anachuja asali kwa kitambaa, nikamwambia. Nilieleza kwa kirefu, sijui bei, sijui mitambo, sijui ada. Akaniacha nimalize.

"Ulijua lini?"

Nilitaka kusema jana. Nikasema, "Jumanne."

"Ile ya simu mbili."

"Ndiyo, mama."

Akaendelea kukamua kitambaa mpaka kikaacha kudondosha. Kisha akasema, "Ungeniambia tu kwamba huna uhakika. Ningengoja. Mimi nimengoja mvua miaka yote, ningeshindwa kukungoja wewe?" Akanisogezea ndoo. "Shika upande huo."

Siku ile ile tulikwenda polisi, kisha tukaja kwa mwenyekiti. Kabla hatujatoka nyumbani nilimwomba mama mdogo anipe siku moja niandae maelezo. Akasema, "Utayaandaa njiani."

Hela haikurudi, nisiwadanganye. Ile ada hatukuilipa. Ninyi mlimwongezea muda wa mkopo, na hakuna aliyemcheka mbele yangu. Warina walimpa ndoo kwa kuaminiana, na mbebaji ni mimi. Wazazi wangu, asanteni. Mama mdogo, wewe nitakushukuru nyumbani, hapa sitaweza.

Sasa lililonileta mlangoni hapa. Juzi mmoja wenu, simtaji, alinionyesha broka mpya kwenye simu yake, akaniuliza kama ni wa kuaminika. Nilimwambia nitamjibu nikishachunguza. Nimefika nyumbani nikajiona naanza tena. Sijalinganisha bei zake na za wengine. Sijajua kama ana leseni, na ya nchi gani. Sijamwona mtu aliyeweka kidogo, akakitoa, akakipata mkononi. Inawezekana kabisa ni mwaminifu, na nitakuwa nimemharibia jina bure.

Ndugu yangu, unanisikia. Sina uhakika naye. Hela uliyokuja nayo leo, usimwekee.

Mwenyekiti, nimemaliza. Naomba nikae, nisitoke.