Mama Lastiki, Fundi wa Nguo za Kuogelea za Wanawake Wazima

Ndugu, jamaa, majirani, na nyinyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kukaa nasi tangu juzi, poleni na asanteni, familia imenituma mimi, mdogo wake wa mwisho, niwasomee maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Lastiki, jina ambalo hakupewa na wazazi bali na wafanyakazi wenzake, na ambalo aliliitikia haraka kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1953, katika chumba cha nyuma ya karakana ya baba yetu, aliyekuwa seremala wa vitanda, akiwa mtoto wa pili, akimfuata dada yetu mkubwa ambaye mnamwona hapa mbele, na hao wawili walikuwa pete na kidole, wakaogelea pamoja katika shimo la machimbo lililojaa maji ya mvua, kabla mtu yeyote hajawahi kuwaambia kwamba kuogelea ni mambo ya wavulana, na walipokuja kuambiwa walikuwa wameshajua, ikawa basi tena.

Alianza shule ya msingi mwaka 1960, akaendelea na sekondari kwa miaka miwili, kisha akajiunga na chuo cha ufundi na kupata cheti cha ushonaji mwaka 1971, ingawa mwalimu wake alimrudishia kazi mara nyingi, kwa sababu marehemu hakukubali kukata kitambaa kwa kufuata mchoro wa ubaoni bila kuuliza, na siku moja alisimama mbele ya darasa zima akasema, "Mwalimu, huyu mtu wa kwenye mchoro hana tumbo, sasa chakula anakiweka wapi?" darasa likavunjika mbavu, naye akatolewa nje.

Mwaka 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo za ndani na za michezo, akapangiwa meza ya lastiki, na hapo ndipo jina lilipoanzia, kwa maana alikuwa akiivuta lastiki kwa vidole viwili tu na kukwambia kama itadumu au italegea kabla ya mwaka kwisha, akafanya kazi hiyo hadi akawa msimamizi wa meza, na kiwanda kilipofungwa mwaka 1994 alirudi nyumbani na cherehani yake, akaiweka sebuleni karibu na dirisha, na kuanzia siku hiyo sebule ile haikuwa tena ya kupokelea wageni, wageni walipokelewa jikoni.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi bomba, ambaye aliitwa kiwandani kurekebisha bomba moja, akalirekebisha, kisha akarudi tena na tena kulikagua bomba lilelile ambalo halikuwa na tatizo lolote, mpaka meneja akamwambia aseme ukweli au aondoke, akasema ukweli, na Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti ambaye leo ni muuguzi, wa pili fundi umeme, na kitinda mimba ambaye ni mwalimu, pamoja na wajukuu.

Sasa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo penye kazi yenyewe. Mwaka 1998 dada yetu mkubwa alianza kuumwa magoti, daktari akamwambia dawa yake ni maji, aingie bwawani kila wiki aogelee taratibu, naye akaenda dukani kutafuta nguo ya kuogelea, akarudi mikono mitupu, akajitupa kwenye kiti akasema, "Nimejaribu nne, moja imenibana kama soseji, nyingine imeniacha uchi nyuma na mbele, ya tatu sikuweza hata kuivua, na ile nyeusi nimejiona kama nakwenda msibani, heri magoti yaume." Marehemu hakucheka wala hakumpa pole, alisema tu, "Vua gauni, simama hapo dirishani."

Alimpima kifua na kiuno na nyonga kama fundi yeyote, kisha akampima kipimo ambacho madukani hawakijali, kutoka begani, kupita mbele, chini katikati ya miguu, hadi begani tena kwa nyuma, akasema kwamba mwili wa mwanamke mzima hauongezeki upana peke yake, unabadilisha mpangilio, na nguo ikiwa fupi hapo itavuta mabega chini na kukata huku chini, halafu mwenye mwili atajilaumu yeye badala ya kumlaumu fundi. Akaweka bluu nzito ubavuni na rangi ya waridi kifuani, ili jicho la mtazamaji lipande kwenda usoni, akakunja marinda membamba ya mshazari juu ya tumbo, na ndani yake bitana ngumu upande wa mbele tu, akafanya kanda za mabegani kuwa pana, na pindo la miguuni akalipandisha kidogo, kwa kuwa, alisema, ukimaliza nguo palepale paja lilipo pana, umelipigia mstari. Dada alitaka sketi ndefu ya kufunika kila kitu, marehemu akamkatalia, "Sketi ndefu majini inapanda juu kama mwavuli, utashika sketi au utaogelea?" akamwekea kipande kifupi cha kufunika nyonga tu.

Siku ya kujaribu, dada alisimama mbele ya kioo, akageuka, akageuka tena, hatimaye akauliza kwa sauti ndogo, "Hee, kumbe nina kiuno?" Marehemu, pini zikiwa mdomoni, akajibu, "Kilikuwepo siku zote, wenye maduka ndio hawakukuuliza."

Kutoka hapo walikuja wengine, karani mstaafu wa posta, mpishi wa shule, mama wa watoto sita aliyesema hajaingia majini tangu ajifungue wa kwanza, na kila mmoja aliingia sebuleni na orodha ya anachotaka kufichwa, mikono, tumbo, mishipa ya miguuni, naye aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akawauliza swali moja, "Na unachokipenda ni kipi?" wengine walilia, lakini hakuna aliyetoka bila kutaja, na nguo ilianzia hapo.

Mwaka 2001 wanawake wake walikuwa wengi kiasi cha kujaza upande mmoja wa bwawa kila Jumamosi asubuhi, na meneja wa bwawa, kijana mwenye adabu zake, alimwita pembeni akamwambia kwamba baadhi ya wateja wanalalamika, hawapendi kuona, yaani, miili ya namna ile, kwa hiyo anawaomba waje alfajiri kabla bwawa halijafunguliwa, watakuwa huru zaidi. Marehemu alimjibu, "Mwanangu, uhuru wa kujificha tunao nyumbani, hapa tumekuja kuogelea," akaaga vizuri, akaenda zake. Lakini dada yetu mkubwa anasema kwamba wiki nzima ile cherehani haikupoa, maana alijua wakikubali alfajiri mara moja, hawataliona jua la Jumamosi tena.

Jumamosi iliyofuata walitoka chumba cha kubadilishia nguo wote kwa pamoja, wakiwa na nguo mpya, nyekundu, manjano, kijani kibichi, hakuna nyeusi hata moja, na hakuna aliyejifunga taulo kiunoni, wakatembea polepole ukingoni mwa bwawa lote kutoka mwanzo hadi mwisho, marehemu akiwa mbele, magoti ya dada yakilia, meneja akasimama na filimbi yake mdomoni asijue apulize au aache. Hapo mama mmoja aliyekuwa amekaa kitini na nguo zake zote, akimsubiri binti yake anayeogelea, alisimama akauliza kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Jamani, hizo mmenunua wapi?" Habari ya alfajiri ikaishia hapo, na mwaka haukupita kabla meneja mwenyewe hajamleta mama yake mzazi apimwe.

Mwaka 2014 marehemu aligundulika kuwa na saratani, na mwezi Juni akafanyiwa upasuaji wa kuondoa titi la kushoto, akapona, akarudi kwenye cherehani, lakini bwawani hakwenda, aliwashonea wengine huku kioo cha sebuleni amekigeuza kikatazama ukuta. Shemeji aliliona hilo, na baada ya miezi, siku moja akachukua futi ya kupimia akamwambia, "Mke wangu, umewapima wanawake wa mji mzima, wewe nani amekupima?" akampima kwa mikono yake ya fundi bomba, akakosea kila mahali, marehemu akaanza kucheka, akamwambia, "Hapo umepima kiwiko, anza upya," na shemeji akaanza upya.

Kwanza alijishonea nguo yenye mfuko wa kuweka sifongo mahali pa titi, majini sifongo ikanywa maji ikawa nzito, akaing'oa akaitupa, akashona nyingine ya rangi ya chungwa, iliyokuwa bapa kabisa upande wa kushoto, marinda yakishuka kutoka bega la kulia hadi nyonga ya kushoto, haikudanganya na haikuomba radhi, akaivaa Jumamosi mchana kweupe, akaingia majini. Tangu hapo daktari wa upasuaji alikuwa akiwaambia wagonjwa wake wa kike, kidonda kikipona, nendeni kwa Mama Lastiki.

Ugonjwa ulirudi mwaka 2022, akatibiwa kwa muda mrefu, na alipoishiwa nguvu za kukanyaga cherehani alimkalisha binti yake, muuguzi, akawa anamwelekeza kutoka kitandani, "Usikivute kitambaa, kisindikize tu," mpaka nguo ya jirani yetu aliyekuwa anatimiza miaka sabini ikakamilika. Tarehe 12 Septemba 2023, asubuhi, hospitalini, mume wake akiwa ameushika mkono wake, dada yetu alivuta pumzi ya mwisho, akiwa na umri wa miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka na kumwita fundi badala ya mgonjwa, majirani waliotupikia na kukesha nasi, waliokuwa wafanyakazi wenzake wa kiwandani, uongozi wa bwawa, na kwa namna ya pekee wanawake wa Jumamosi, ambao jana walikuja kuuliza kama itakuwa vibaya wakiogelea kesho kutwa na sisi tukiwa bado matangani, na shemeji mwenyewe akawajibu, "Nendeni, na mimi nitakuja kukaa ukingoni."

Dada yetu, umefanya kazi nzuri, sasa pumzika, na amani ya Mungu ikukae sawasawa, pasibane popote.