Cleophas Omosa Nyamweya, Fundi wa Mashine za Michezo, Marani

Marehemu Cleophas Omosa alizaliwa tarehe 14 Machi 1979 huko Gesima, Kaunti ya Nyamira, akiwa kitinda mimba wa Mzee Thadeus Nyamweya na marehemu Mama Kemunto. Alisomea Gesima. Alipokuwa kidato cha pili mama yake alifariki, akakaa nyumbani mwaka mzima akichuma majani chai, kisha akarudi darasani na kumaliza mwaka wa 1998. Baadaye alisomea ufundi wa umeme mjini Kisii.

Mwaka wa 2003 alifungua karakana ya redio na televisheni Marani. Hapo ndipo Joyline Mokeira alipopeleka redio iliyokuwa imeishiwa betri tu. Fundi alimwambia arudi Alhamisi, kisha Alhamisi iliyofuata, na nyingine tena. Walifunga ndoa tarehe 10 Desemba 2006, wakajaliwa mabinti wawili.

Mwaka wa 2017 mwalimu mmoja alimletea mashine ya michezo ya video iliyozima. Ndani yake Cleophas alikuta bodi moja ya kielektroniki, ukubwa wa kitabu cha nyimbo, iliyobeba michezo sitini. Siku hiyo alisahau chakula cha mchana. Tangu hapo aliagiza bodi kama hizo, akaunda makabati ya mbao, akafunga skrini, vijiti vya kuchezea na vitufe, na watu wakayaweka sebuleni mwao. Hakuondoka kwa mteja kabla nyanya wa nyumba hiyo hajacheza. Kila Ijumaa, kabla ya jua kutua, alizima kila kitu karakanani kwa ajili ya Sabato.

Mwaka wa 2019 Mzee Thadeus aliona tundu la sarafu kwenye kabati moja, akasema mtoto wa mzee wa kanisa hawezi kutengeneza kamari. Cleophas alimweleza kwamba hakuna anayeshinda pesa, akang'oa tundu lile na kuliziba kwa ubao. Mzee hakusikia. Kwa zaidi ya miaka mitano hakukanyaga nyumba ya mwanawe. Kila mwezi Cleophas alikwenda Gesima kumjulia hali. Joyline hakuwahi kumsikia akimsema baba yake vibaya.

Mnamo Februari 2024 figo za Cleophas zilishindwa kufanya kazi. Alisafishwa damu mara mbili kwa wiki mjini Kisii, akaanza kufa ganzi mikononi. Jumapili moja ya Juni mwaka huu, Mzee alifika na mkungu wa ndizi, akamkuta akihangaika kulehemu bodi ya kabati la binti yake, Bathsheba. Mzee aliweka bakora chini, akaishika bodi isitikisike mpaka lehemu ikapoa. Kabati lilipowaka, alikaa akilitazama.

"Nilikuhukumu bila kukuuliza," alisema.

Cleophas alimsogezea baba yake kiti. "Tata, keti. Ni zamu yako."

Walicheza mpaka saa saba mchana, na Mzee akashindwa kila mchezo.

Cleophas aliaga dunia Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa kumi na mbili asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Amemwacha mjane wake Joyline, mabinti Bathsheba na Sheila, kaka yake Alfayo, na baba yake Mzee Thadeus, mwenye miaka themanini na mmoja, ambaye ameomba aachiwe kutupa udongo wa kwanza.

Pumzika kwa utulivu, Cleophas, hadi Bwana atakapokuita kwa jina lako.