Ameamuliwa Kupumzika: Kumuaga Mama Chaki

Ijumaa hii, tarehe thelathini, cherehani zikizimwa jioni, Mama Chaki atakuwa ametimiza miaka ishirini na sita katika karakana yetu ya sare. Aliingia akiwa msichana wa kukata nyuzi zinazoning'inia. Anatoka akiwa mkaguzi wa mwisho, na kwa miaka mingi hakuna shati la mwanafunzi wala gauni la muuguzi lililotoka mlangoni bila kupita mikononi mwake. Nimepewa kazi ya kuandika machache ya kumuaga katika ratiba ya sherehe. Nimeambiwa yawe ya kuchangamsha. Nitajaribu.

Kutoka kwenye nyuzi alipanda hadi kwenye kola, na wanaoshona wanajua kwamba kola si mchezo. Ncha mbili lazima zilingane, na kitambaa hakisamehe. Za kwake zilikaa shingoni kama zimezaliwa hapo. Fundi mkuu wa enzi hizo, mzee ambaye hakusifu hata chakula cha mkewe, aliitundika kola yake moja ukutani akasema, "Mkiweza hivi, njooni mniombe ruhusa. Mkishindwa, msinisumbue." Siku hiyo watu waliogopa kuomba ruhusa hata ya kwenda msalani.

Halafu vidole vikaanza kugoma. Neno hilo ni lake. Ukimuuliza ameamkaje, alikusomea mahudhurio: "Magoti yamekuja kazini, kiwiko kina udhuru, vidole vimegoma." Tulicheka sana. Yeye alikuwa anasema kweli tupu. Kukunja ngumi tu kulimchukua asubuhi nzima, na binti yake, wakati huo akiwa darasa la pili, ndiye aliyemfunga vifungo vya gauni kabla ya kukimbilia shule.

Kwa muda mrefu ugonjwa huo haukuwa na jina lake. Uliitwa baridi, ukaitwa uchovu. Mawifi waliuita uvivu, na jirani mmoja akashauri atafutwe aliyemroga. Hospitali alipewa dawa za maumivu, akaambiwa apunguze mawazo. Alipofika hatimaye kwa daktari wa viungo, akaelezwa kwamba kinga ya mwili wake, badala ya kupambana na vijidudu, inaugeukia mwili wenyewe na kuvila viungo. Hauponi. Unatulizwa, na kuutuliza ni kazi ya kila siku.

Alirudi akatueleza kwa lugha ya hapa kazini: "Nina mlinzi ndani amelewa, ananipiga mimi mwenye nyumba." Sentensi hiyo ilisafiri kutoka meza hadi meza ikidondosha maneno njiani, na ilipofika ofisini ilikuwa imebaki kwamba mlinzi amelewa na anampiga. Kabla ya chakula cha mchana, mlinzi wetu wa geti, ambaye hajawahi kuonja hata bia, alikuwa amesimamishwa mbele ya meneja akiulizwa ana nini na wanawake. Mkewe naye aliitwa. Ikabidi Mama Chaki aueleze ugonjwa wake upya, mbele ya meneja, mlinzi na mke wa mlinzi aliyekuwa ameshavua viatu tayari kwa lolote. Mlinzi alinuna wiki nzima. Baadaye yeye ndiye aliyeanza kumfungulia lile geti dogo la nyuma ili asizunguke jengo zima kwa magoti yale.

Jina la Mama Chaki nalo lina kisa chake. Kwetu, nguo yenye kasoro hairudishwi kwa maelezo. Unaichora chaki pale pale palipoharibika, ili fundi asipoteze muda kutafuta. Kliniki ya viungo ina foleni ya kutisha, na ukiingia, daktari ana muda mfupi sana nawe. Basi asubuhi ya kliniki Mama Chaki akajichora: duara penye uvimbe, mstari panapokakamaa. Daktari, kijana aliyechoka, alipoona mikono ile akajua ni mambo ya waganga. Akamwambia akanawe kwanza. Alikwenda kunawa, na aliporudi foleni ilikuwa imempita. Alirudi nyumbani bila kuonwa.

Mwezi uliofuata alijichora tena. Aliingia akisema kabla hata ya salamu, "Daktari, mimi ni mkaguzi wa nguo. Hizi ni kasoro, si uganga." Daktari alicheka mpaka muuguzi akachungulia mlangoni. Tangu hapo wamekuwa wakibishana kama mtu na kaka yake. Daktari akitaka kuongeza dozi, Mama Chaki anauliza dawa hiyo itamfanya nini, vipimo vya ini vimesemaje, na ataanza kuona nafuu lini. Hakubali kutoka bila jibu. Vidonge vyake vya mara moja kwa wiki walikubaliana avimeze Ijumaa jioni, ili kichefuchefu kimkute Jumamosi nyumbani. Kwa hiyo siku ya kazi haikuguswa. Siku iliyoliwa ilikuwa ya kwake.

Kuna dawa nyingine zilimvimbisha uso. Sisi wenzake tukamwambia amenawiri, tukamuuliza anakula nini siku hizi. "Vidonge, mwenzangu," alijibu. "Karibu."

Kola zilipomshinda, hakuna aliyemletea nafasi ya ukaguzi mkononi. Aliifuata ofisini. Aliomba kiti kirefu chenye mgongo, taa ya mezani, na ruhusa ya kuingia saa moja baadaye na kutoka saa moja baadaye, kwa kuwa asubuhi ndiyo adui yake. Alikataliwa, akarudi. Alikataliwa tena, akarudi na barua ya daktari na shati lililorudishwa na mteja, mikono yote miwili ikiwa ya kushoto. Akapewa meza. Wateja wakaacha kurudisha mizigo, na ofisi ikapata tuzo ya ubora. Katika picha ya tuzo hiyo yeye hayumo. Ilipigwa asubuhi, kabla hajaingia.

Niongeze langu moja. Niliporudi kutoka likizo ya uzazi nilikuwa nalala nikiwa nimesimama, na mtoto alikuwa na homa isiyoeleweka. Mara mbili zahanati walinirudisha. Mama Chaki alinikalisha kwenye kile kiti chake. "Mwanangu, usiwaambie mtoto anaumwa. Kila mtu pale anaumwa. Waambie kilichomshinda." Nilikwenda nikasema mtoto ameshindwa kunyonya tangu asubuhi na shingo haigeuki. Tulipokelewa papo hapo, tukalazwa siku hiyo hiyo. Leo anakimbia, ananichosha, nami namshukuru mama huyu kila anaponichosha.

Sasa nifike kwenye kustaafu kwenyewe. Mwaka huu tumeanza kupimwa kwa idadi ya nguo kila saa, na meza ya ukaguzi imeunganishwa na ya kupiga pasi, ambako mtu husimama zamu nzima. Mama Chaki aliomba kubaki na kiti. Akaitwa ofisini, akaelezwa kwa upole mwingi kwamba umri wake unamruhusu kutoka mapema. Ana miaka hamsini na mitatu. Alikuwa amepanga kufika sitini.

Nilipopewa kazi hii nilielekezwa niandike kwamba ameamua kupumzika. Nilimwendea mwenyewe, nikamsomea. Alisikiliza kama anayekagua pindo, kisha akasema, "Neno ni hilo hilo, ila umeruka herufi tatu. Zirudishe." Nimezirudisha. Mama Chaki ameamuliwa kupumzika. Anayetaka kuzikata herufi hizo azikate kwa mkono wake na aweke jina lake chini. Mimi sitazikata.

Na kuna jambo ambalo halisubiri hotuba. Kila mwezi Mama Chaki huchomwa sindano inayolipiwa na bima ya kazini. Ni hiyo iliyomrudishia uwezo wa kushika kikombe. Bima inakoma siku anayokabidhi ufunguo wa kabati, na sindano inayofuata ni wiki ya pili ya mwezi ujao. Daktari wake ameshasema wazi kwamba ikikatwa, viungo vitaanza kuliwa upya, na kilicholiwa hakirudi. Mama Chaki hakuomba mapambo wala keki. Ameomba bima iendelee mpaka binti yake, ambaye sasa ameanza kazi, amwandikishe katika ya kwake. Wafanyakazi wote wa zamu mbili wameomba pamoja naye. Jibu tulilopata ni kwamba jambo hilo linaangaliwa. Saa ya ukutani ya kumzawadia haikuhitaji kuangaliwa, imeshanunuliwa.

Viongozi wetu watakuwa viti vya mbele Ijumaa, ratiba hii mikononi. Tunaomba kwa heshima zote jibu litolewe pale pale, kabla ya soda kufunguliwa. Kama ni ndiyo, tutapiga makofi mpaka jengo lijue. Kama ni hapana, lisemwe likiwa linamtazama usoni.

Mama Chaki, asante kwa mikono yako, ile iliyoshona na ile iliyouma. Asante kwa kutufundisha kwamba mgonjwa anaweza kuuliza maswali na asife kwa kuuliza. Hatukutakii mapumziko mema, kwa kuwa hukuyaomba. Tunakutakia sindano yako, mwezi ujao na kila mwezi, kwa tarehe yake. Ikichelewa, tujulishe mapema. Tutakuja kukaa nawe kwenye foleni, na safari hii hawatakwambia ukanawe.