Mzee Hoosen na Safari ya Pinetown

Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2014, Mzee Hoosen anastaafu baada ya kukata mapazia katika kiwanda chetu hapa Pinetown kwa miaka thelathini na mmoja. Ana miaka hamsini na saba. Alitaka afike sitini, apate pensheni kamili. Usafiri umemshinda.

Alianza kwa kufagia, na baada ya miaka minne tu alikuwa mkataji mkuu. Mapazia ya ukumbi mzima wa harusi aliyakata kwa jicho, huku akitutania kwamba sisi Wakongomani tunapima hata chumvi.

Tuliokaa naye mtaa wa Chatsworth alitubeba kwenye Corolla yake, watu wanne. Bei ya petroli hubadilika Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo kila Jumanne iliyotangulia tulipanga naye foleni kujaza tangi. Tuliimba nyimbo za kanisa, naye Mwislamu akashika sauti ya chini. "Eish, dada Laetitia," aliniambia siku moja, "leo foleni iko mpaka kwa robot!" Robot ndiyo taa za barabarani huku. Tulicheka sana siku zile.

Petroli ilipanda, ikapanda tena. Sisi tuliendelea kuchangia mafuta kiasi kile kile cha mwaka 2008, naye hakutuomba zaidi. Mwaka 2012 akauza gari. Nasema wazi kwamba naona aibu.

Tangu hapo ni teksi mbili, zile daladala za huku, moja mpaka mjini, nyingine mpaka Pinetown, na siku za mgomo hakuna hata moja. Majira ya baridi alitoka nyumbani kabla ya adhana, akasali alfajiri kazini, juu ya kitambaa safi alichotengewa na Bernadette wa stoo. Hata hivyo siku nyingine alichelewa. Agosti alipewa barua ya onyo ya tatu. Ya nne ni kufukuzwa, basi akaamua kuaga mwenyewe.

Na mwezi huu petroli imeshuka. Inauma, jamani.

Mzee wetu, asante kwa mkono wako na kwa gari lako. Kitambaa kile Bernadette amekishona pindo, ndiyo zawadi yetu. Sasa ukasalie nyumbani. Mungu akupe siku njema, zisizo na foleni.

Wote mnakaribishwa saa nane mchana, Mzee akitoka sala ya Ijumaa. Hotuba ziwe fupi. Saa kumi Mzee lazima aondoke, awahi teksi.

Laetitia, idara ya ushonaji