Anselme Vaucheret, Ambaye Msafiri Wake Hakuota

Marehemu Anselme Vaucheret alizaliwa tarehe 14 Machi 1829 mjini Tournus, kando ya mto Saône, akiwa mtoto wa tatu wa Bwana Blaise Vaucheret, fundi mapipa, na Bibi Reine. Alibatizwa katika kanisa hili hili tulilotoka sasa hivi. Familia inaomba jambo hilo likumbukwe, maana wapo walionong'ona kwamba mtu anayeandika habari za sayari ya Mirihi hana dini. Alikuwa nayo, na kuwashinda baadhi yao.

Alisoma kwa mapadri, akapenda hesabu na nyota, hadi baba yake alipovunjika mkono na karakana ikahitaji mtu. Mwaka 1852 aliajiriwa kuwa karani wa ushuru kwenye lango la mji, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu mwaka 1890. Kila pipa la mvinyo lililoingia Tournus lilipita mbele yake, na wenye mikokoteni walimtukana kama ilivyo desturi. Kati ya mkokoteni na mkokoteni, aliandika.

Tarehe 3 Oktoba 1857 alifunga ndoa na Bi Sidonie Maréchaux, binti wa mtengeneza mishumaa. Walijaliwa watoto wawili: Clarisse, anayesoma wasifu huu, na Hilaire. Jioni, supu ikishaliwa, alimsomea mkewe aliyoyaandika mchana. Ukurasa ukimchosha, Bi Sidonie aliinuka akaanza kuosha sahani, naye marehemu akajua pa kukata.

Hivyo ndivyo kilivyozaliwa kitabu cha Mwaka Mmoja Mirihini, kilichotolewa mwaka 1868 na Brissonnet na Wanawe wa Lyon. Wengi wenu mnacho. Mlizawadiwa shuleni mwezi wa Agosti, jalada jekundu, kingo za dhahabu. Mnamkumbuka Théodule, fundi mapipa anayejifungia ndani ya pipa kubwa lililovikwa shaba na kurushwa hadi Mirihi. Mnakumbuka na mwisho wake: Théodule anazinduka kitandani kwake, mkewe kamletea supu, kumbe yote yalikuwa ndoto, na wote wawili wanakwenda Misa.

Mwisho huo hakuuandika yeye.

Na lisemwe leo waziwazi mbele ya kaburi lake. Brissonnet alitaka kitabu kiingie katika vitabu vya zawadi, na kitabu cha zawadi hakipiti mpaka watu wa kanisa na wa shule waridhike kwamba hakitamtia mtoto mawazo. Mtu aende Mirihi, apapende, asirudi? Thubutu! Basi na aote. Mkataba ulisema "pamoja na masahihisho yanayofaa kwa vijana." Marehemu alidhani ni mambo ya nukta na mkato, akatia sahihi. Nakala ya kwanza ilipomfikia aliisoma akiwa amesimama langoni, na mikokoteni ikapita bila kuulizwa ushuru. Tangu hapo aliishi miaka thelathini na mitano akipongezwa kwa ukurasa aliouchukia. "Ule mwisho wako, Bwana Vaucheret, ulinitoa machozi!" Naye, kwa adabu aliyolelewa nayo, aliinua kofia. Huo ni wizi, na familia haina jina jingine la kuupa.

Mara moja tu adabu ilimshinda. Agosti 1881 aliombwa agawe zawadi shuleni, na mezani akakuta rundo la kitabu chake mwenyewe. Akatoa kisu cha mfukoni, akaanza kukata karatasi ya mwisho ya kila nakala kabla ya kumkabidhi mtoto.

"Bwana Vaucheret, jamani!" Meya alimnong'oneza. "Unaharibu vitabu vya zawadi!"

"Siviharibu, Bwana Meya. Navitibu."

Msichana mmoja akapekua kitabu chake, akauliza, "Sasa huyu alirudi au hakurudi?"

"Wewe unaonaje?"

"Mimi? Nirudi kufanya nini?"

Siku hiyo alirudi nyumbani akicheka peke yake njia nzima. Hakualikwa tena.

Mapafu yalianza kumsumbua majira ya baridi ya 1901. Aliuguzwa nyumbani na mkewe, akapokea sakramenti, akafariki asubuhi ya Jumatatu, tarehe 9 Novemba 1903, akiwa na umri wa miaka sabini na minne.

Jana Bwana Brissonnet mdogo alifika kwa treni na shada la maua, utepe wake umeandikwa "Kwa Mwotaji Wetu." Mfukoni alikuwa na mkataba wa toleo jipya, maana haki za kitabu sasa ni za mjane.

"Mwotaji nani?" Bi Sidonie alimuuliza.

"Ni heshima tu, mama."

"Mume wangu kaniudhi kwa mengi miaka arobaini na sita, lakini kuota hakuota. Mtauchapa mwisho wake?"

"Mama, watoto wa Ufaransa wameshauzoea ule."

"Basi watauzoea na huu. Hutaki, chukua karatasi yako, na treni ya saa kumi usiikose."

Mkataba haukutiwa sahihi. Bwana Brissonnet hakuondoka, yupo pale nyuma. Sogea karibu, bwana, usikie vizuri. Kwenu Lyon mnasema kurasa za mwisho alizoziandika yeye zimepotea. Bi Sidonie anazijua kwa moyo kuliko anavyozijua sala zake.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu wanne, na dada yake, Bi Eulalie wa Mâcon. Ameacha pia mwisho wa kitabu chake, nao ni huu. Siku ya kurudi ilipowadia, Théodule alilibomoa pipa. Kwa mbao zake akaunda meza, akawaita majirani zake wa Mirihi waketi. Mmoja akamuuliza kwao ni wapi. Théodule akamwonyesha kinyota cha buluu juu ya paa, kisha akamwomba ampitishie mkate.

Hakuota. Alifika, akaketi. Mungu naye ampokee hivyo hivyo Anselme Vaucheret, na ampe ile amani aliyonyimwa tangu mwaka 1868.