Bwana Sindano Anastaafu, Visigino Vinapumua

Ijumaa hii, baada ya miaka thelathini na mmoja katika kliniki yetu ya mifupa, daktari mkuu tunayemwita Bwana Sindano anastaafu. Kamati ya sherehe imeniomba mimi wa maabara niandike mazuri yake. Nimeyatafuta kwa bidii.

Hakuchelewa kazini, na koti lake halikuwahi kukosa pasi. Mgonjwa wa kisigino, kiwiko au bega alijibiwa kabla hajakaa: kano inayoshika msuli kwenye mfupa imevimba, chukua sindano ya kutuliza uvimbe, mwingine aingie. Foleni yake iliisha mapema kuliko zote, nasi tukamsifu, wajinga sisi.

Maabara tulimwambia. Vipande vya kano mbovu tulivyovitazama havikuwa na ule uvimbe aliouimba. Seli za kano zenyewe ndizo zilizotengeneza kemikali tulizodhani hutoka kwenye mishipa ya fahamu tu. Zilipashana habari mle mle ndani: zaaneni, iteni mishipa ya damu, vurugeni nyuzi. Kikulacho ki nguoni mwako. Yeye akatucheka mbele ya wanafunzi, eti kano ni kamba, na kamba haina mdomo. Hadubini ilikuwa chumba cha pili kutoka kwake, hakuwahi kuiinamia.

Mpishi wa kantini alimwamini. Alichomwa kisiginoni mara tatu, na baada ya ile ya tatu kano ikakatika akiwa amebeba sufuria ya chai. Bwana Sindano alimwambia apunguze unene. Mama wa watu anachechemea hadi leo, na chai anatuletea vilevile.

Mwaka jana kisigino cha daktari wetu nacho kikaanza kuuma. Aliingia chumba cha mazoezi kwa mlango wa nyuma. Nesi, kwa heshima zote, akamfungulia droo ya zile sindano za daktari mwenyewe. Daktari akaisukuma ikafungwa.

"Hapana," alisema. "Hizo ni za wagonjwa."

Miezi kadhaa akapanda na kushusha kisigino kwenye ngazi, taratibu, kama wenzetu wa mazoezi walivyowashauri wengine. Amepona kabisa, na inaniudhi.

Tunamshukuru kwa kutufundisha kutomwiga. Ijumaa keki italetwa na mpishi, kutoka jikoni hadi meza kuu, kwa mguu ule ule. Bwana Sindano, wewe una visigino viwili vizima: inuka umpokee njiani. La kumwambia unalijua. Ukishalisema, nenda salama ukale uzee wako kwa amani. Makofi yetu yanalisubiri neno hilo.