Sauti ya Baba Mitchelle

Tarehe 9 Machi 2004, saa nane mchana, binti yetu Mitchelle alizaliwa, na tangu siku hiyo mume wangu, Boaz Wesonga, hakuongea tena kwa sauti ndani ya nyumba.

Boaz alizaliwa Webuye mwaka 1976, akasoma huko mpaka darasa la nane, akaja Nairobi mwaka 1995 kuuza mitumba katika Soko la Toi, ambako akiita wateja alisikika mpaka Ngong Road. Jumapili aliimba besi kanisani, na hapo ndipo nilipomwona, tukafunga ndoa tarehe 14 Desemba 2002.

Nyumba yetu ya Soweto West ilikuwa chumba kimoja cha mabati, mtoto akilala nyuma ya pazia, kwa hivyo Boaz akaanza kunong'ona, nami nikajiambia ni kwa muda tu. Isaac alipozaliwa mwaka 2006, baba yake alikuwa amezoea, akawa ananong'ona hata sokoni, na wateja wakadhani bei anayowanong'oneza ni yao peke yao, wakanunua, sasa nani angemkanya? Nereah wa kwaya alimwambia, Baba Mitchelle, wewe ni redio imeisha betri, naye akacheka bila sauti. Mwaka 2015 tulihamia Kawangware, vyumba viwili, nikajua hatimaye nitagombana na mume wangu kama wanawake wengine, lakini nikifoka alinionyesha mlango wa watoto, eti wanasoma.

Agosti 2024 tumbo lilianza kumuuma. Isaac alikuwa kidato cha nne, na Boaz alinikataza kumwambia, akawa anauma taulo ili kijana asisikie, akasema hospitali tutaenda mtihani ukiisha. Tulibishana wiki nyingi, kwa kunong'ona, na alinishinda. Baada ya karatasi ya mwisho tulienda, daktari akauliza mbona tumechelewa hivi, nikamwangalia Boaz, yeye akaangalia dari.

Januari Isaac alimsomea baba yake matokeo ya mtihani, naye baba akatabasamu. Boaz alituacha tarehe 3 Februari 2025, saa nne usiku, na watoto wale wale aliowanyamazia miaka ishirini walilia mpaka wodi nzima ikaamka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, wenzake wa Toi waliomwitia wateja alipokosa nguvu, na majirani wetu wa mtaa wa Kawangware 56, ambao wiki hii wamezima redio zao, jambo ambalo Boaz aliwaomba tangu tuhamie.

Ee Bwana, mpokee mtumishi wako, umpe pumziko na amani, na akikuita umwinamie karibu, maana hatapaza sauti, atadhani kuna mtoto amelala. Amina.